MAJANI YA BAHARI YA FUNDO NI MALI YA WANANCHI



Mtu akikata mkarafuu wa mwenzake katika Pemba, mji mzima hupata habari kabla ya jua kutua. Sheha ataarifiwa, wazee watakutana, na mkataji atatakiwa ajieleze. Lakini katika pwani ya Fundo mtu anaweza kung'oa majani ya bahari bamvua zima, maji yakitoka na maji yakiingia, asiulizwe na yeyote. Kwa nini? Kwa sababu mkarafuu tunauona na bei yake tunaijua, na majani yale yamelala chini ya maji, hayana mzani wala mnunuzi. Wazee wetu walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Leo imetupasa kulifungua daftari hilo.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya nini. Hatuzungumzi juu ya mwani ule unaofungwa kwenye kamba na kupelekwa ng'ambo. Mwani hauna mizizi ya kweli wala hautoi maua. Majani ya bahari, ambayo wataalamu huyaita nyasi bahari, ni mmea kamili kama mpunga au mhogo. Yana mizizi, yana shina linalotambaa chini ya mchanga, na hutoa maua na mbegu humo humo ndani ya maji ya chumvi. Mimea itoayo maua iliyoweza kuishi hivyo ni michache mno. Katika dunia nzima zinajulikana aina 72 hivi tu, hali ya kuwa bara ina mimea ya maua kwa malaki. Mmoja katika jamii hiyo, uitwao Zostera capensis, unaoota katika pwani hii ya Afrika kutoka Kenya hadi Afrika ya Kusini, umeandikwa na IUCN katika orodha ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Sisi tuliopita vyuo vya ualimu tulifundishwa majina ya miti ya Ulaya tusiyowahi kukaa kivulini mwake, na hili shamba lililo chini ya ngalawa zetu halikutajwa hata kwa mstari mmoja.

Basi shamba hili lina kazi gani? Kila mvuvi wa dema anajua jibu, ingawa hakuliandika. Tasi hula humo. Pono na changu wadogo hujificha humo mpaka wapate ukubwa wa kwenda mwambani. Kasa hulisha humo, na nguva, ambaye siku hizi ni nadra kabisa katika bahari yetu, hana chakula kingine cha kutegemea ila majani haya. Jani likisimama katika maji hupunguza kasi ya mkondo, mchanga na tope vikatua chini, na mizizi ikavishika. Kisiwa chetu ni chembamba, jiwe na mchanga, na bahari iko pande zote. Mzizi ukiondoka chini ya maji, ufuko nao hulegea.

Lakini liko jambo moja ambalo halisemwi, nalo ndilo lililotutia kalamu mkononi. Shamba hili ni bustani ya mtu asiye na chombo. Mwenye mashua na mashine, samaki wakipungua karibu, atakwenda mbali zaidi, katika mkondo wa Pemba ambao kina chake ni mamia ya mita. Je, mama anayekwenda pwani kwa miguu, na kikapu mkononi, akitafuta kombe, chaza na pweza wakati maji yametoka, atakwenda wapi? Hana pa kwenda. Majani yakifa, mboga ya watoto wake imekufa. Kwa hiyo kila anayesema kuwa hifadhi ya bahari ni mchezo wa watalii na wageni, hajatazama ni nani anayeinama pale maji yanapokupwa.

Sasa tuwataje maadui. Adui wa kwanza ni juya na kila wavu wa kukokota. Wavu huo hauchagui: hufagia samaki wachanga na kung'oa majani yaliyowalea. Umekatazwa na sheria, na Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar, Namba 7 ya 2010, ipo. Lakini sheria iliyomo kabatini haikamati wavu. Adui wa pili ni nanga zinazotupwa kiholela na tope linaloteremka kutoka mahali palipokatwa miti na mikoko. Jani la bahari huishi kwa mwanga wa jua, na maji yakichafuka hunyongwa gizani.

Adui wa tatu lazima atajwe kwa adabu, kwa sababu si mtu bali ni shida. Kilimo cha mwani kilianza kwa biashara katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba. Wakulima wengi ni wanawake. Wengi walizoea kufyeka majani kwanza kabla ya kupigilia vijiti, kama mtu afyekavyo konde. Uchunguzi uliofanywa katika ghuba ya Chwaka, Unguja, katika miaka ya 2000, ulikuta kuwa chini ya kamba za mwani majani ya bahari yalikuwa haba kuliko mahali pasipolimwa.

Wako wanaorukia habari hii na kusema: basi wanawake ndio waharibifu, waondolewe. Sisi tunakataa neno hilo kwa nguvu zetu zote! Mama huyu hakupanga bei ya mwani, hupangiwa. Hakuyatia maji joto, na joto hilo ndilo linaloua mwani aina ya cottonii, wenye bei nzuri, na kumwachia ule wa bei duni. Wataalamu humwambia ahamie maji ya kina kirefu, ambako mwani hustawi vyema na majani hayaguswi. Ushauri huo ni mwema. Lakini kina kirefu chataka chombo, kamba madhubuti na kujua kuogelea. Nani amempa? Kumwambia mtu asiye na mashua akalime kilindini ni sawa na kumfukuza kazini kwa maneno ya upole.

Tuangalie na wenzetu wa dunia. Katika pwani ya Virginia, Marekani, ugonjwa na tufani ya mwaka 1933 viliyamaliza majani ya bahari katika hori zao, na uvuvi wa kombe wa mahali pale ukafa pamoja nayo. Ilipita miaka mingi bila majani hayo kurudi yenyewe. Tangu 1999 watu walianza kupanda mbegu kwa mkono, na mpaka ilipofika 2020 walikuwa wamekwisha kumwaga mbegu zaidi ya milioni 70, na majani yakaenea kiasi cha hekta 3,600. Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, kilichokufa chaweza kufufuliwa. La pili, na ndilo kubwa, nchi tajiri yenye vyuo vikuu na fedha ilihitaji miaka 20 ya kazi ili kurudisha kile ambacho sisi bado tunacho bure. Uchunguzi wa dunia nzima uliotangazwa mwaka 2009 ulikadiria kuwa asilimia 29 ya eneo la majani haya lililojulikana limetoweka tangu vipimo vya kwanza vya mwaka 1879. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa uliamua kuwa tarehe 1 Machi iwe siku ya nyasi bahari kila mwaka. Siku ni njema, lakini siku moja haizuii juya.

Tutaambiwa: hifadhi si ipo? Ndiyo, ipo. Misali ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1998, na mwaka 2005 ikatangazwa hifadhi ya Mkondo wa Pemba, ambayo maji yetu ya magharibi yamo ndani yake. Hatupingi hifadhi. Tunachosema ni kuwa hifadhi isiyomjua mwananchi ni mstari katika ramani. Tazameni Gazi, Kenya. Mwaka 2013 wanakijiji walianzisha mpango wa Mikoko Pamoja, wakalinda mikoko yao na kupata fedha kwa kuuza ukaa unaohifadhiwa na miti hiyo, na fedha zikaonekana katika maji ya bomba na vitabu vya skuli. Mtu akiona bomba linatoa maji, huhitaji askari wa kumlindisha mkoko.

Basi madai yetu ni haya. Kwanza, mashamba ya majani ya bahari yanayoizunguka Fundo, pamoja na ya majirani zetu wa Njao, Uvinje na Kokota, yapimwe na kuchorwa, na wavuvi na wakulima wa mwani wenyewe wawe wapimaji. Pili, juya likamatwe, liwe la mgeni au la mtoto wa hapa hapa, na asisamehewe mtu kwa sababu ya udugu wala kwa sababu ya kadi ya chama. Tatu, mwani mpya upandwe penye mchanga mtupu na si juu ya majani, na wanaotaka kuhamia kina kirefu wapewe vyombo, kamba na mafunzo kabla ya kuambiwa wahame. Nne, kamati yo yote ya bahari iwe na wanawake wanaokwenda pwani kwa miguu, wenye sauti na kura, si wa kupika chai ya mkutano. Tano, ada zinazokusanywa kwa ajili ya maji haya zisomwe hadharani, na sehemu yake irudi kisiwani.

Ndugu zetu, hayo yote si mambo ya kungoja kuletewa. Tawi likikutana wiki hii laweza kuanza na dai la pili, kwa sababu halitaki fedha bali lataka moyo. Wenye nyavu tunawajua, na wao wanatujua. Twende kwao kwa heshima, wazee wakiwa mbele, tuwaeleze, na asiyesikia afikishwe kwa sheria. Tuliwadai wengine watuheshimu katika ardhi yetu. Imebaki sisi wenyewe tuiheshimu bahari yetu, na yule mama anayeinama ndani yake.