Paka wa Mtaani Ahasiwe?

Nyumbani kwangu hapa Kaloleni, Nairobi, nina paka watano, na yupo wa sita ambaye halali kwangu lakini kila magharibi huja kudai haki yake. Wawili ni wa ndani, na vitanda vya wanangu wamevifanya vyao. Watatu ni wa nje: juu ya paa, ukutani, jaani. Mtaa huu, uliojengwa miaka ya 1940 na wenye jina analolijua kila mtu wa pwani, ni wa nyumba za chini zenye uwanja, kwa hiyo wawafaa paka kuliko maghorofa. Chakula si taabu. Soko la Burma li karibu, hapakosi kipande cha utumbo au pafu. Na Gikomba kuna mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyokwisha kutolewa minofu.

Taabu ni uzazi. Paka jike huchukua mimba kiasi cha wiki tisa, akazaa wanne au watano, na kabla hajawaachisha ziwa huweza kushika mimba nyingine. Watu hufanyaje? Wengine huwatia watoto katika kiroba wakawamwaga sokoni usiku. Wengine huwaacha mlangoni pa msikiti, wakidhani wametoa sadaka! Huko hukanyagwa na mikokoteni, au hula panya aliyekufa kwa ile sumu inayotembezwa njiani, nao wakafa vilevile.

Sisi Waislamu hatuwezi kusema hatukuambiwa. Hadithi ya Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya kutawadha, imo katika Muwatta ya Imamu Malik. Na yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa kwa njaa yumo katika Bukhari na Muslim. Je, kiroba kina tofauti gani na kufungiwa?

Nilipotaja kuwahasi, baraza lilichafuka. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema madhehebu yetu ya Imamu Shafi yamekataza. Ni kweli. Imamu Nawawi ameeleza kwamba mnyama asiyeliwa haifai kumhasi, na anayeliwa yajuzu akiwa mdogo. Ndiyo maana beberu huhasiwa na hakuna anayenuna. Lakini Wahanafi wameruhusu palipo na manufaa, na katika wanazuoni wa zama zetu Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia, aliyefariki mwaka 2001, alisema kwamba paka wakizidi wakawa udhia, na operesheni isiwadhuru, basi hapana ubaya, kwani ni afadhali kuliko kuwaua.

Mimi si mwanachuoni, mfugaji tu. Hata hivyo nasema hivi: zama za Nawawi kuhasi kulikuwa kisu na maumivu. Daktari wa wanyama wa leo humlaza paka kwa dawa ya usingizi, na baada ya siku chache mnyama yuko juu ya paa kama kawaida yake. Mateso yako wapi basi, mezani pa daktari au ndani ya kiroba? Anayeogopa kuingilia maumbile ya Mungu naye amekwisha kuyaingilia siku alipoanza kumrushia paka kichwa cha samaki.

Gharama si ndogo, sikatai. Kwetu tulichanga nyumba nne, maana paka wa nje hana mwenyewe mmoja. Hula kwangu, akazaa kwa jirani. Ningependa masheikh wetu wa Mombasa na Lamu, ambako vichochoro vimejaa paka hata wageni huwapiga picha, walieleze jambo hili darasani, wakiniunga mkono au wakinipinga kwa dalili.

Majike yangu matatu nimekwisha kuwapeleka. Yule wa sita ndiye hashikiki, na tumbo lake limeanza kushuka.