Staa Hakutoboa kwa Sababu ya Zero, Alitoboa kwa Sababu Alijifunza

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, mitandao inachafuka. Dogo kajifungia chumbani, mshua anahangaika na tovuti ya NECTA inayogoma kufunguka, afu group la WhatsApp la ukoo limeshapokea skrinishoti kabla hata mwenye matokeo hajayaona. Na kila mwaka, kama kawaida, lazima atokee staa wa kuwafariji waliofeli.

Safari hii kazi hiyo kaifanya msanii mmoja wa Bongo Fleva, tena si underground, ni jina kubwa tu. Aliingia laivu usiku wa siku ya matokeo, kakaa ndani ya gari, taa za ndani zimewashwa ili viti vionekane vizuri. Akasema na yeye alikula zero, walimu walimwita kilaza, na leo walimu hao hao wanamtumia meseji za kumkopa. Akamalizia kwamba shule ni ya watu wasio na kipaji, mwenye kipaji hahitaji cheti. Mashabiki wakapagawa, vikopa vikamiminika kwenye skrini.

Chini kwenye komenti, dogo mmoja akaandika kwamba mama yake alikuwa ameshaanza kudunduliza hela ili arudie mtihani, ila baada ya kumsikiliza kaka mkubwa ameamua kuachana nao, hela hiyo ataomba anunuliwe simu kali. Komenti ikala laiki za kutosha. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Dogo, subiri kwanza."

Hapo ndipo penye shida. Kumfariji aliyefeli ni jambo jema, na Januari wapo wanaohitaji kweli kufarijiwa. Shida ni kwamba staa kawaambia madogo kitu ambacho maisha yake mwenyewe yanakikataa.

STORI ALIYOIRUKA

Prodyuza aliyemrekodia kazi za mwanzo alishawahi kuhojiwa redioni, na alichosema hakifanani kabisa na kile cha kwenye laivu. Kwa maelezo yake, staa alipofika studio kwa mara ya kwanza alikuwa anatoka nje ya biti kila mistari miwili. Alirudishwa nyumbani. Kesho yake akarudi. Ikawa anakaa kwenye kona ya studio kutwa nzima anasikiliza wenzake wanavyorekodi, anauliza kwa nini huyu kapumulia pale, kwa nini yule karudia lile neno. Nyimbo zake za mwanzo zilifia kwenye kompyuta, hazikutoka mpaka leo. Verse moja aliiandika upya mpaka wenzake wakamchoka.

Sasa huyo si mtu aliyeacha kusoma. Huyo ni mtu aliyerudia darasa moja mwaka mzima bila kuona aibu. Alikuwa na mwalimu, ambaye ndiye prodyuza. Alikuwa na madaftari, alikuwa na mitihani, na alikuwa anafeli, anasahihishwa, anarudia. Tofauti ni kwamba studio hakuna aliyebandika matokeo yake ukutani siku ya kwanza na kumwambia "wewe kuimba huwezi, nenda kalime".

Lakini akiwa laivu, yote hayo kayafupisha kwa neno moja: kipaji. Na neno hilo ndilo linalowamaliza madogo, maana kipaji ukiwa huna, huna. Hakinunuliwi dukani na hakifundishwi tuisheni. Dogo akisikia hivyo anajipima mara moja tu: nina kipaji au sina? Akiona hana, anakaa chini.

"UNA AKILI SANA" NAYO INA SUMU YAKE

Kuna mama mmoja profesa wa saikolojia Marekani, Carol Dweck, ambaye ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza jambo hili hili. Kwa maneno ya kawaida, anasema watu wana mitazamo ya aina mbili. Wa kwanza anaamini akili ni kama urefu, umezaliwa nao na ndiyo imetoka. Wa pili anaamini akili ni kama msuli, ukiufanyisha mazoezi sahihi unakua. Na jinsi mtu anavyoamini ndivyo anavyofanya siku akikutana na kitu kigumu.

Mwaka 1998 yeye na mwenzake, Claudia Mueller, walitoa utafiti uliofanywa kwa watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa maswali, wakafanya vizuri, wakasifiwa. Wengine waliambiwa "una akili", wengine waliambiwa "umejitahidi". Halafu wakaulizwa: mnataka maswali mepesi au magumu ya kujifunzia? Wengi walioambiwa wana akili wakachagua mepesi. Waliosifiwa kwa juhudi, wengi wao wakachagua magumu. Wakapewa maswali magumu kweli yakawashinda, na walipopewa tena ya kawaida kama ya mwanzo, wale wa "una akili" wakaporomoka.

Ila kali kuliko yote ni hii. Watoto walipoambiwa waandike maksi zao kwenye karatasi ya kumtumia mtoto mwingine wasiyemjua, karibu wanne katika kila kumi walioitwa wenye akili walidanganya maksi. Mtoto wa darasa la tano anamdanganya mtu ambaye hatakutana naye maisha yake yote, ili tu asionekane kashindwa!

Inafanana na nini hiyo? Ni Instagram tupu. Gari la kukodi, chumba cha hoteli cha saa mbili, filta usoni. Kizazi kinachoambiwa kila siku kwamba kuna watu waliozaliwa wakali na waliozaliwa wabovu, kitaficha ubovu wake kwa gharama yoyote. Na anayeficha asichokijua hawezi kufundishwa, maana hanyooshi mkono kuuliza.

KISWAHILI KINALO JIBU TAYARI

Sikiliza madogo wanavyoongea kuhusu Hesabu. "Mimi Hesabu siwezi." "Siijui." "Kwetu hakuna anayejua Hesabu, hata mzee alifeli." Zinasemwa kama vile mtu anataja kabila lake.

Lakini Kiswahili kina kitu kidogo sana kinachobadilisha sentensi nzima: "-ja-". "Siwezi" imefunga mlango. "Sijaweza" imeuacha wazi. "Haelewi" ni hukumu, "hajaelewa" ni taarifa ya leo tu. Mwalimu anayesema "huyu hajaelewa" lazima atajiuliza afanye nini kesho. Anayesema "huyu haelewi" ameshamaliza kazi.

Na Hesabu kweli ni janga la taifa, tusifichane. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne wamekuwa wakiangukia pua kwenye somo hilo. Je, zaidi ya nusu ya vijana wa nchi nzima wamezaliwa vilaza? Haiingii akilini. Kinachoingia akilini ni darasa lililojaa mpaka mlangoni, mwalimu mmoja wa Hesabu kwa shule nzima, na mtoto aliyepitwa na sehemu tangu darasa la nne, akaambiwa hana kichwa, akaacha kuuliza.

Anayedhani zero inapima ubongo akumbuke matokeo ya mwaka 2012. Yalipotangazwa mwanzoni mwa 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na zero. Nchi ikatikisika, tume ikaundwa, na kabla mwaka haujafika katikati serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya. Kuna vijana waliolala na daraja moja wakaamka na lingine, kwa pepa ile ile. Ubongo wao haukubadilika usiku ule. Kilichobadilika ni rula.

SIMU HAINA KOSA, KOSA NI MATUMIZI

Wazee wengi wakifika hapa wanalaumu simu. Si kweli kwamba simu ndiyo mchawi. Leo dogo wa Mbagala mwenye bando la jero anaweza kuingia maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania na kusoma vitabu vya kiada bure. Anaweza kupata past pepa, na YouTube akamkuta mwalimu anayerudia mada moja mara kumi bila kufoka wala kushika fimbo. Staa mwenyewe, kama alikuwa anaanza leo, nusu ya alichokifuata studio angekipata kiganjani.

Shida ni kwamba simu hiyo hiyo inaonyesha mwisho tu wa kila kitu. Video ya sekunde thelathini inakuonyesha mtu anapika pilau, anacheza, anaongea Kichina. Hazioneshwi zile mara zote alizounguza, alizoteleza, alizokosea. Dogo anaangalia wakali mia kwa siku, halafu anafungua daftari, swali la kwanza linamgomea, anaona yeye peke yake ndiye mzito duniani. Kumbe ugumu ule ndiyo kujifunza kwenyewe.

Sasa hivi zimekuja na hizi programu za akili bandia. Unapiga picha swali, jibu linatoka na njia zake zote. Hapo kuna watu wawili. Mmoja anakopi, anapiga tiki, anarudi TikTok. Mwingine anafanya kwanza mwenyewe, anakosea, halafu anaiuliza ile programu, "nimekosea hatua ipi?" Bando ni lile lile, simu ni ile ile. Mwisho wa mwaka mmoja ana daftari zuri, mwingine anajua Hesabu.

"KAZA BUTI" PEKE YAKE HAITOSHI

Ila hapa kuna mtego mwingine, na wahamasishaji wa mitandaoni wanautegemea kula. Wamelidaka hili somo wakaligeuza kuwa "kaza, amini, utatoboa". Dweck mwenyewe ameshalalamika kwamba watu wamemwelewa vibaya, wanadhani ni kusifia juhudi tu. Mtu anayekaza kwa njia mbovu anachoka tu. Dogo anayekesha kukariri desa asilolielewa, hata akikesha mwaka, mambo ni yale yale. Anahitaji njia nyingine, anahitaji mtu wa kumwonyesha alipokosea.

Mwaka 2019 ulitoka utafiti mkubwa Marekani, wa wanafunzi kama 12,000 wa sekondari. Walipewa somo fupi mtandaoni, halizidi saa moja, kuhusu akili kukua. Waliokuwa na maksi za chini walipanda, ila kidogo, si miujiza. Na matokeo yalikuwa mazuri zaidi kwenye shule ambazo wanafunzi wenyewe walikuwa wanaona kupambana na maswali magumu ni jambo la kawaida. Kumbe maneno ya mtaalamu hayatoshi kama wenzako wanakucheka.

Na wenzake wa dogo wa leo wako wapi? Wako kwenye komenti.

Chukulia wale wanaorudia mtihani. Namba zao za kituo zinaanza na P badala ya S, na mtaani hiyo P inasomwa kama alama ya aibu. Kuna dada mmoja mchekeshaji, maarufu sana TikTok, aliwahi kuposti kwamba anarudia Hesabu na Kiingereza. Watu walimcheka wiki nzima, wakamtengenezea mpaka stika. Aliendelea. Alikuwa anatupia video akikosea swali laivu, anajicheka, anafuta, anaanza upya. Mara ya kwanza Hesabu ikamkataa tena, na akaposti hivyo hivyo. Mara ya pili ikakubali, kwa D. D tu! Ila ukisoma komenti za posti ile utakuta mabinti kibao wanamuuliza fomu za kurudia zinapatikana wapi.

Linganisha na komenti ya yule dogo wa simu kali. Wote wawili walifuata staa.

BASI IWEJE?

NECTA walishaacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora tangu matokeo yaliyotoka Januari 2023. Lakini mtaa na mitandao bado vina orodha zao za vipanga na vilaza, na hizo haziwezi kufutwa na ofisi yoyote. Zinafutwa na watu.

Mzazi anayerusha matokeo ya mwanae kwenye group aanze kwa kumuuliza mtoto swali gani lilimshinda na kwa nini. Mwalimu anayemwita mtoto kilaza mbele ya darasa ajue anawafundisha na wengine arobaini kuacha kunyoosha mkono. Na staa, siku akiingia laivu tena, aongelee ile kona ya studio. Atupie na demo moja mbovu, ile aliyotoka nje ya biti, watu wacheke, halafu aseme ilimchukua muda gani kuinyoosha. Dakika tano za namna hiyo zitawasaidia madogo kuliko kuzungushiwa kamera kwenye viti vya gari.

Wengine waliobaki wana kazi nyepesi kuliko zote. Ukikuta dogo kaandika "mimi siwezi", mwandikie neno moja tu: BADO.

Wewe unaonaje, mdau? Staa yuko sahihi au kawapoteza madogo? Na ni kitu gani ulikuwa hukiwezi kabisa, leo unakifundisha wenzako? Tiririka hapo chini.