AJALI INA KINGA



Kila pikipiki inapoanguka katika kona za mlima wetu, neno la kwanza kusikika ni hili: "Ajali haina kinga." Halafu tunachanga fedha za hospitali, tunatoa pole, na kesho yake watu wanateremka kwa mwendo ule ule. Sisi tunasema msemo huo umetudanganya vya kutosha. Ajali nyingi za barabara yetu zina kinga, na kinga yenyewe iko mikononi mwa wanaoendesha, wanaopakiwa na wanaowatuma.

Barabara tunaijua wote. Lami inatoka Mombo, inapita Soni hadi Lushoto. Ukiiacha lami kuja kwetu ni kokoto juu ya udongo mgumu, kona baada ya kona, upande huu ukuta wa mlima, upande ule korongo. Kabichi, karoti na viazi vyetu hupita humo humo. Magari ni machache, kwa hiyo pikipiki ndiyo inayotuokoa. Hatuipigi vita pikipiki. Tunapiga vita uendeshaji wa kubahatisha.

Kwanza tuelewe kwa nini kokoto huangusha. Kokoto zilizolala juu ya ardhi ngumu huviringika chini ya tairi, kama punje za mahindi zilizomwagika sakafuni. Tairi linakosa pa kushika. Greda likipita watu hushangilia na kuongeza mwendo, kumbe siku hizo za mwanzo ndizo zenye kokoto nyingi ambazo bado hazijashikana.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Dereva akishtuka sekunde moja tu kabla ya kugusa breki, mita 11 zimekwisha. Tena mwendo ukipanda kutoka kilomita 20 hadi 40, umbali wa kusimama baada ya kushika breki hauongezeki mara mbili, bali mara nne. Hiyo hata kwenye lami. Kwenye kokoto unazidi. Basi katika kona ambayo huoni mita 20 mbele yako, mwendo wa 40 ni kamari.

Kwa hiyo vijana wetu tunawaomba hivi:

1. Punguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado wima. Ukibana breki ya mbele kwa nguvu wakati pikipiki imelala konani, tairi la mbele linateleza na wewe uko chini.

2. Ukiteremka, tumia gia ndogo ili injini nayo ikuzuie. Acheni mtindo wa kuzima injini mteremkoni ati kuokoa petroli. Breki zikibanwa mfululizo hupata moto na kupungua nguvu.

3. Shika kushoto na piga honi kwenye kona isiyoonekana. Njia iliyosafishwa na matairi ya magari ni nzuri, lakini usiifuate hadi upande wa kulia. Lori lenye mzigo likiteremka halina uwezo wa kusimama ghafla kwa ajili yako.

4. Tairi likicheza, usikamate breki kwa hofu. Punguza mafuta taratibu, na macho yaangalie unakokwenda, siyo korongoni.

5. Vaa kofia ngumu, na abiria naye avae. Uchunguzi wa nchi mbalimbali uliojumlishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia hiyo hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, na ya kufa kwa asilimia 42. Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani hailindi kichwa cha mtu.

Sasa tuseme lile ambalo halisemwi. Lawama zote tunawatupia vijana, kana kwamba mbio wanazipenda tu. Nani anamtaka kijana alete hesabu ile ile jioni hata siku ya mvua kubwa? Mwenye pikipiki, na baadhi yao ni wanaushirika humu humu. Nani anapanda mshikaki, watu watatu na mtoto, kwa kuwa nauli inagawanyika? Ni sisi. Nani anafunga gunia la lumbesa nyuma ya kiti? Ni sisi tena. Mzigo mzito ukikaa nyuma, tairi la mbele linakuwa jepesi, na usukani haushiki njia. Kijana anaanguka kwa uzito tuliomfungia wenyewe.

Wapo watakaosema kuchelewa sokoni kunaharibu bei. Ni kweli. Lakini dawa yake ni kuvuna mapema na kutoka mapema. Bei ya kabichi hushuka, kisha hupanda. Mguu uliokatwa hauoti.

Tunapendekeza mkutano mkuu ujao upitishe mambo matatu. Moja, ushirika usipokee mzigo wa lumbesa uliokuja kwa pikipiki. Mbili, wenye pikipiki wasidai hesabu kamili siku za mvua kubwa. Tatu, kila mwezi tuwe na msaragambo wa kona: kufagia kokoto zilizorundikana, kufyeka vichaka vya upande wa ndani ili watu waonane, na kuzibua mitaro. Tunajua barabara za vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na maombi yetu kwao yaendelee. Lakini ufagio na panga havisubiri barua.

Wazee wetu mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wakajadili, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Hawakusema ugonjwa hauna kinga. Nasi tufanye hivyo. Tusome hapa ukutani, tubishane mkutanini, kisha tutoke na mafagio.

Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.

Katibu wa Tawi la Chama