Mtoto ana saratani: mtafikia wapi Dar?

Mzazi wa Usinge akiambiwa mtoto apelekwe Muhimbili, swali la kwanza mara nyingi si dawa. Ni “tutafikia wapi?” Kwa reli ni takriban kilomita 1,000, na tiba ya saratani ya damu kwa watoto huchukua miaka miwili hadi mitatu. Ndugu atakupokea vizuri wiki ya kwanza. Mwezi wa tatu, wewe mwenyewe unaona haya.

Swali hilo lilimkuta hata mwanamichezo maarufu. Fred Hill alichezea Philadelphia Eagles ya Marekani. Binti yake, Kim, alipougua saratani ya damu, yeye na mkewe walilala kwenye viti vya hospitali na kuona wazazi wengine wakifanya vivyo hivyo. Yeye na wenzake wa timu wakachangisha fedha, wakashirikiana na Dk. Audrey Evans na migahawa ya McDonald's, na mwaka 1974 nyumba ya kwanza ya Ronald McDonald ikafunguliwa Philadelphia.

Kwetu, watoto wenye saratani walikuwa wakitibiwa Ocean Road, kabla ya huduma yao kuhamia Muhimbili mwaka 2011. Shirika la Tumaini la Maisha, linaloshirikiana na hospitali, lina hosteli iitwayo Ujasiri House. Mtoto na mzazi wanakaa humo bila malipo.

Mimi nahesabu kitanda hicho kama dawa. Dripu za saratani hutolewa kwa mizunguko, na katikati yake kinga ya mtoto hushuka. Homa ikipanda, anahitaji antibayotiki ndani ya saa chache, wakati aliyerudi Usinge yuko mbali na daktari wake kwa siku nzima au zaidi. Halafu kuna msimu wa tumbaku: uvimbe ukinywea, mzazi anaona mtoto kapona, anawahi shamba. Ugonjwa ukirudi baada ya tiba kukatishwa, huwa mgumu zaidi.

Kwa hiyo usisubiri ukiona taya limevimba, mboni ya jicho inang'aa nyeupe, uvimbe tumboni, au homa na wekundu wa damu kupungua mara kwa mara. Ukipewa rufaa, mwombe daktari apige simu kwanza kuulizia malazi. Uliza pia kuhusu Bugando, Mwanza: nao wanatibu saratani za watoto, na kutoka Tabora ni karibu kuliko Dar.