Meninjite: chanjo moja haizuii mikrobe zote, somo la Banalia kwa wakaaji wa Kampene

Mwezi wa tisa 2021, serikali ya Congo ilitangaza mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, ile wengi wetu tunaita meninjite, huko Banalia katika jimbo la Tshopo. Wakati wa tangazo hilo, watu 261 walikuwa wameshukiwa kuugua na 131 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Ni nusu ya wagonjwa. Maabara ya Taasisi ya Pasteur, mjini Paris, ndiyo iliyothibitisha mikrobe yenyewe: meningokoki ya kundi W.

Tshopo inapakana na Maniema. Ndiyo maana kilichotokea Banalia kinawahusu pia wakaaji wa Kampene, katika teritware ya Pangi, mahali ambapo vijana wengi wanaishi kwa kuchimba dhahabu na kasiterite, wakilala wengi katika nyumba ndogo za karyeri. Meningokoki hupita kwa mate na makohozi, kati ya watu wanaokaa karibu karibu.

Swali ambalo wengi waliuliza ni hili: mwaka 2016, zaidi ya watu milioni 1.6 walichanjwa dhidi ya meninjite katika Tshopo. Ilikuwaje ugonjwa ukarudi?

Jibu liko katika mikrobe. Meningokoki si moja. Kila moja imevaa ganda la sukari, na wataalamu wanatambua makundi 12 kulingana na ganda hilo. Makundi sita, yaani A, B, C, W, X na Y, ndiyo husababisha karibu wagonjwa wote. Chanjo iliyotolewa 2016 inafundisha mwili kutambua ganda la A peke yake. Na kwa hilo ilifaulu: tangu 2017 hakuna mgonjwa wa kundi A aliyethibitishwa katika ukanda wa meninjite, unaoanzia Senegal hadi Ethiopia. Lakini mtu aliyechanjwa dhidi ya A hana kinga dhidi ya W.

Tena, makundi hayo hayakai vile vile. Meningokoki ina tabia ya kuokota vipande vya jeni kutoka kwa mikrobe nyingine zinazoishi naye kooni. Takriban mtu mmoja kati ya kumi huibeba kooni bila kuugua, na humo ndimo mabadiliko hufanyika. Nchini Niger, mwaka 2015, kundi C lilisababisha mlipuko wa wagonjwa zaidi ya 8,000. Wataalamu waliposoma jeni zake, waligundua kwamba ilitokana na meningokoki iliyokuwa ikikaa kooni bila kudhuru watu, kisha ikapata jeni za ganda la C pamoja na nyingine zilizoipa ukali.

Jeni zinaonyesha pia njia ambayo ugonjwa umepitia. Aina moja ya W iliyosambaa kati ya mahujaji wa Makka mwaka 2000 ilifika nchi nyingi, na miaka miwili baadaye kundi hilo la W lilileta mlipuko mkubwa Burkina Faso.

Kwa Kampene, maana yake ni hii: kujua kwamba ni meninjite hakutoshi. Ili kuchagua chanjo ya kusimamisha mlipuko, lazima ijulikane ni kundi gani. Na hilo linajulikana kwa maji yanayotolewa katika uti wa mgongo wa mgonjwa. Sampuli hiyo inatakiwa kusafiri kwa moto katika barabara ya udongo hadi Kindu, halafu kwa ndege hadi maabara ya INRB, Kinshasa. Mikrobe hufa kwa urahisi njiani. Zipo chupa maalumu zinazoitunza ikiwa hai kwa siku kadhaa, na kipimo cha PCR kinaweza kutambua jeni zake hata kama imekufa. Lakini bila chupa, bila sindano na bila pesa ya usafiri, sampuli haiondoki.

Dawa haingoji jibu hilo. Ceftriaxone inaua meningokoki ya kila kundi, na mgonjwa anapaswa kuipata mara tu anaposhukiwa. Bila matibabu, hadi nusu ya wagonjwa hufa. Wanaopona, mmoja kati ya watano anaweza kubaki na ulemavu kama uziwi. Homa ya ghafla, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, kutapika, na kwa mtoto mchanga utosi kuvimba: mtu mwenye dalili hizo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Tangu 2023, Shirika la Afya Duniani limeidhinisha chanjo mpya, Men5CV, inayokinga makundi matano: A, C, W, X na Y. Nigeria ilikuwa nchi ya kwanza kuitumia, mwaka 2024. Kundi B bado liko nje yake. Kwa hiyo hata siku chanjo hiyo itakapofika Maniema, mikrobe itahitaji kufuatiliwa. Viongozi wa afya wa jimbo wanaweza kuanza na jambo dogo: kuhakikisha kwamba kila hospitali kuu, ya Kampene ikiwemo, ina chupa za sampuli na njia inayojulikana ya kuzifikisha Kindu kabla mgonjwa wa kwanza hajaonekana.