Mtoto Si Bima ya Shamba

Ndugu zangu wa Karagwe, Muleba, Missenyi na kote Kagera ambako fedha ya nyumba hungoja kahawa, naomba tuzungumze kabla Januari haijatufikia.

Mtoto akiacha shule huwa tunamlaumu mzazi: mzembe, hana mwamko. Wapo wa namna hiyo, sibishi. Ila mkoa wetu una ushahidi unaosema jambo jingine. Watafiti walizitembelea kaya zaidi ya 900 za Kagera kati ya 1991 na 1994, kisha wakarudi mwaka 2004 na 2010 kuwatafuta watu walewale. Waliona kwamba mazao yakiharibika, saa za kazi za watoto hupanda. Kaya yenye akiba au mali ya kuegemea haikuwatwisha watoto wake mzigo uleule. Miaka kumi baadaye, mvulana aliyefanyishwa kazi nyingi utotoni alikutwa amebaki nyuma kielimu, masomo yake yameliwa na shamba; msichana, ambaye kazi zake ziliongezeka nyumbani, alielekea zaidi kuolewa mapema. Na mtoto aliyefiwa na mama alikua akiwa mfupi kwa takriban sentimita mbili kuliko ambavyo angekuwa, na pungufu ya kama mwaka mzima wa shule. Sisi ambao mkoa wetu ndio ulikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983, tunajua ni nyumba ngapi zimo katika hesabu hiyo.

Shida ikibisha hodi, basi, jinsia ndiyo huamua mtoto atalipaje. Wa kiume hupelekwa kuchunga au mwaloni. Wa kike huenda mjini kufanya kazi za ndani, au huozwa. Hapa tusidanganyane kwamba ni mila tu. Utafiti mwingine uliolinganisha Afrika kusini mwa Sahara na India ulikuta ukame unaongeza ndoa za mapema kwetu na kuzipunguza kule. Huku mahari huingia kwa wazazi wa binti. Kule ni wao wanaotoa. Baba wa huku hampendi bintiye pungufu kuliko baba wa India. Gunia limeisha, na mahari ipo mlangoni.

Tunayo sheria, lakini haitoshi. Tangu 2016, anayemuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba mwaka huohuo wa 2016, na Mahakama ya Rufani ikaafiki 2019. Mjini watu wanaweza kuendelea kubishana kuhusu vifungu. Kijijini, ngao ya binti ni jina lake kubaki kwenye daftari la mahudhurio.

Ada ilifutwa, ni kweli. Sare, madaftari, michango na chakula havikufutwa, na hudaiwa Januari, wakati kahawa bado iko mtini. Ndipo butura inapoingia: mnunuzi analipia ua la kahawa kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mavuno si yako tena. Mwaka unaofuata nyumba ni maskini zaidi, na mtoto wa pili naye anatolewa shule.

Wito wangu ni huu. Katika mkutano mkuu ujao wa kila AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, wanachama tukubaliane kukatwa kiasi kidogo kwa kila kilo, kiwekwe kuwa mfuko wa dharura wa shule. Kaya iliyopigwa na ugonjwa, msiba au mnyauko wa migomba ikope Januari bila riba na ilipe kwa kahawa yake msimu ukifika, kwa sharti moja: mtoto awe darasani. Wanawake wawe kwenye kamati ya mfuko huo wakiwa na sauti, si kuandaa chai. Kwenye msiba hakuna anayesubiri kuombwa kuni wala ndizi. Nyumba ambayo mama amelazwa inahitaji mikono hiyohiyo kabla ya kaburi, ili binti asigeuzwe mama. Na kuwapa wavulana zamu ya maji na kumenya ndizi hakuhitaji mfuko wowote.

Tuwafuate pia mabinti waliojifungua. Tangu Novemba 2021 serikali inawaruhusu kurudi shuleni, lakini wengi wanasubiri mtu wa kwenda kuwaambia wazazi wao kwamba kijiji hakitawacheka.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Tuifikishe na huko ajenda hii ya watoto, kwa kuipeleka mapema kwa mtendaji wa kijiji. Majina ya watoto walio hatarini yakabidhiwe kamati kwa siri, yasisomwe hadharani, kwa sababu mzazi aliyeaibishwa mkutanoni humficha mtoto.