Nani alikutuma ukague lebo ya raba yangu?

Umewahi kuvutwa ulimi wa kiatu hadharani? Mimi nimewahi, na si mara moja. Tulikuwa stejini hapa Nyansiongo tukingoja gari la Keroka. Jamaa mmoja tunayejuana tangu shule ya msingi akainama kama mtu anayefunga kamba za viatu vyake, kumbe anashika raba yangu. Akavuta ulimi, akasoma maandishi ya ndani, akainuka na kutoa hukumu mbele ya watu wote wa boda: "Hii ni mtumba, bana." Wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ukinuna pale ndio umekwisha kabisa.

Kitu ambacho hakusema ni kwamba raba yake mwenyewe, mpya kutoka kwenye boksi, jina la kampuni lilikuwa limeandikwa na herufi moja ya ziada. Nilikuwa nimeiona tangu aliposhuka kwenye pikipiki. Nikanyamaza. Ukishapitia aibu hiyo hutamani kumpa mwenzako.

Sasa wewe unayesoma hii, labda uko Kisii mjini, labda Nairobi, na unajiona uko mbali na mambo ya Nyansiongo. Hauko mbali. Huu ukaguzi uko kila mahali vijana wa kiume wanapokutana: kanisani, kwa kinyozi, kwenye matanga. Hatusemi tena "umependeza". Tunauliza "ni orijino?" Na swali hilo halihusu nguo hata kidogo. Linauliza una pesa ngapi, na linaulizwa mbele ya watu ili jibu lako liwe hadharani.

Kabla hujasema najitetea kibiashara: ndiyo, nauza mitumba. Nauza viatu na jaketi za wanaume, nazipiga picha, naziandikia maneno mawili matatu mtandaoni, na ndivyo ninavyokula. Kwa hivyo nina maslahi. Lakini pia nina habari, kwa sababu viatu hivi hupita mikononi mwangu mia kwa mia, navyo havidanganyi kama wenyewe wanavyodanganya.

Wacha nikueleze safari ya hiyo mtumba iliyochekwa. Kiatu kinavaliwa na mtu Ulaya au Marekani, anakichoka, anakitoa. Kinafungwa kwenye robota, kinashushwa bandari ya Mombasa, kinafika Gikomba. Kama hujawahi kuwa Gikomba kabla jua halijatoka, wakati robota linakatwa kamba, hujaona watu wazima wakigombana kwa heshima. Vile vizuri kabisa vinaitwa kamera. Vile vya mwisho, vilivyobaki chini baada ya kila mtu kuchagua, vinaitwa fagia. Katikati kuna daraja zingine ambazo kila muuzaji anazipima kwa jicho lake. Mimi nikipata kamera, naosha kwa brashi na sabuni, soli nyeupe naisugua kwa dawa ya meno, natia kamba mpya, napanda basi usiku. Kesho yake iko Nyansiongo kwa Sh1,800.

Hicho kiatu ndicho orijino. Kilitengenezwa na kampuni yenyewe, kikauzwa na duka lake, kikavaliwa, kikaoshwa. Kile cha kwenye boksi cha Sh3,000, chenye karatasi laini ndani na harufu ya gundi, hicho ndicho feki. Kwa hivyo hapa kwetu mwenye orijino anachekwa na mwenye feki, kwa kosa la kuvaa kitu ambacho kilikuwa na mwenyewe kabla yake. Nikilifikiria sana nacheka peke yangu barabarani.

Kuna mzee fundi wa viatu hapa ambaye huwa nampelekea kazi. Yeye hasomi lebo kabisa. Anakunja kiatu katikati, anaangalia kama soli imeshonwa au imebandikwa tu, anabonyeza kisigino, halafu anakwambia utakivaa miezi mingapi. Siku moja nilimwuliza kama anazijua kampuni. Akaniambia anazijua kwa namna zinavyopasuka.

Na viatu vinapasuka huku, usicheze. Nyansiongo tuko juu, kuna baridi, na mvua ya alasiri haikuombi ruhusa. Hiyo Air Force 1 ambayo kila kijana anaitaka nyeupe pe ilitoka mwaka 1982 kwa ajili ya wachezaji wa mpira wa kikapu, yaani kukimbia kwenye sakafu safi. Sisi tunaivaa kwenye tope, tukiruka dimbwi hadi dimbwi kama mbuzi, na mfukoni tumebeba kitambaa cha kuipangusa tukifika. Kiatu chenye akili hapa ni gambuti. Lakini jaribu kumwendea msichana na gambuti uone.

Nakuja kwenye jambo langu mwenyewe, ambalo nimelikwepa kuandika miaka mitatu.

Kwetu ni chai. Ukikulia Borabu unajua maisha yanavyopangwa: kila mwezi kuna malipo ya kilo ulizopeleka, na mwisho wa mwaka wa chai kuna bonasi. Bonasi ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo deni la duka. Nilikuwa mwaka wa pili kwenye chuo kimoja, nasomea diploma. Mama alinipa pesa ya karo kutoka kwenye bonasi, akanihesabia noti moja moja mezani, akaniambia nisikae nazo usiku, nipeleke kesho asubuhi.

Asubuhi nilipita kwanza kwenye duka lenye taa kali. Nikanunua raba za Jordan kwa Sh4,500. Nilijiambia nitarudishia hiyo pesa kwa kazi za mkono kabla ya mitihani. Hazikurudi. Mitihani ilipofika nilikuwa na salio, sikuingia. Muhula uliofuata salio lilikuwa limekua, aibu nayo ilikuwa imekua, nikaacha kwenda. Sitakudanganya kwamba raba ndizo zilizonifukuza chuoni, maana mambo yalikuwa mengi na mimi mwenyewe sikuwa msomi wa kutisha. Lakini mlango ulipokuwa unafungwa, Sh4,500 ndizo zilizokosekana.

Raba zilikuwa feki. Soli ya kushoto ilifunguka mdomo ndani ya wiki tatu.

Baadaye nilipiga hesabu, na hesabu hii ndiyo iliyonibadilisha kuliko mahubiri yoyote. Tuseme, kwa urahisi, kilo moja ya majani mabichi inalipwa Sh20 mwezini. Sh4,500 ni kilo 225. Unajua kilo 225 ni nini? Ni majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mgongo umeinama, kikapu mgongoni, umande umelowesha nguo hadi kiunoni. Mama alichuma kilo 225 ili mtu stejini akivuta ulimi wa kiatu changu asome neno moja analolitaka. Na bado lilikuwa la uongo.

Ndiyo maana sicheki tena nikiona kijana amefuliza ili anunue kiatu. Namjua. Hajapumbaa, ameogopa. Ana miaka kumi na tisa, anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, kila jioni anapeleka pesa kwa mwenye pikipiki, na kitu pekee anachoweza kuonyesha kuwa ni chake kiko miguuni. Ukikidharau hicho umemwachia nini?

Na usidhani huu ugonjwa ni wa watoto wa mashambani. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni. Mwaka huo huo Rais William Ruto alikuwa anaonekana nazo kila kukicha, na mafundi wa cherehani nchi nzima walikuwa wanapokea oda. Suti yenye jina la rais wa kwanza wa Zambia, inayoweza kushonwa na fundi wa hapa Keroka kwa kipimo chako, ikaonekana haifai ndani ya jumba ambalo tai kutoka ng'ambo inaingia bila kuulizwa. Miaka minne tu kabla, Oktoba 2019, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amewaambia watumishi wa umma wavae za Kenya kila Ijumaa. Sasa wakubwa wenyewe hawajui wavae nini, kijana wa Nyansiongo atajulia wapi?

Kuna anayeniambia, "Wewe unatetea mitumba na ndiyo iliyoua viwanda vyetu." Hoja hiyo naiheshimu, siikimbii. Kicomi ya Kisumu ilikufa, Rivatex ya Eldoret ilifungwa kabla ya kufufuliwa, na milango iliyofunguliwa kwa bidhaa za nje miaka ya tisini ina mkono wake humo. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuachana na mitumba kufikia 2019, Marekani ikatishia kutunyima nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru, Kenya ikajiondoa. Rwanda ilishikilia msimamo na mwaka 2018 ikanyimwa kweli. Huo ni mjadala wa maana na siku moja nitauandika. Lakini jamaa aliyevuta ulimi wa raba yangu hakuwa amevaa Rivatex. Alikuwa amevaa feki iliyoshuka kwenye meli, na hakuna mkulima wa pamba wa Kenya aliyefaidika na kicheko chake. Tena nakumbuka mwaka 2020, serikali iliposimamisha uagizaji wa mitumba kuanzia Machi hadi Agosti kwa sababu ya korona. Wachekaji hao hao walikuwa wananong'ona wakiuliza ni nani bado ana robota.

Sitaki pia unielewe kwamba nachukia lebo. Napenda nguo, bana. Nikiona jaketi la jinzi lililoshonwa vizuri moyo unadunda. Na kuna mahali lebo ilikuwa na maana kubwa. Mobutu alipowakataza wanaume wa Zaire suti na tai na kuwavisha abakosti, vijana wa Kinshasa walivaa suti za wabunifu wa Paris na kutaja majina yao kwa sauti, Papa Wemba akiwa mbele yao. Kuvaa vile kulikuwa kumjibu rais. Masapeli wa Kongo hata leo wana kanuni zao, kama ile ya kutozidisha rangi tatu mwilini. Yaani kuna elimu ndani yake, mtu anajua kitambaa, anajua mkato, anajua kutembea. Sisi huku tumechukua jina tukaacha elimu. Kijana anakutajia Gucci na shati lenyewe halimkai mabegani, mikono imefika vidoleni.

Ukija kwangu kununua nitakwambia bure: mpelekee fundi shati hilo apunguze, itakugharimu pesa kidogo kuliko soda chache, na utaonekana umevaa kuliko aliyelipa Sh10,000. Suruali ikiburuta, ikatwe. Piga pasi. Paka viatu dawa. Wanaume waliokuwa wakitupendeza utotoni kwenye picha za ukutani, akina babu na wajomba zetu, walikuwa na suti moja, nayo iliwakaa.

Wasichana? Nasikia sana kwamba wao ndio huangalia viatu kwanza. Labda. Dada yangu ananiambia huangalia kama soksi zinanuka.

Basi mwaka huu bonasi ilipoingia mama alinipigia simu. Ndogo wangu yuko kidato cha tatu na amegoma kwenda kanisani, anasema hana viatu. Anavyo. Anachomaanisha unakijua. Mama hakuniambia chochote kuhusu zile raba za zamani, hajawahi kuniambia, alisema tu nimtafutie kitu mtoto asione haya. Nikamleta hadi ninapoweka bidhaa zangu, nikamtolea kamera moja safi, nyeusi, soli imeshonwa, nilikuwa nimeificha nisiiuze.

Akaipokea, akavuta ulimi, akasoma. Akageuza ya pili, akasoma tena. Nikamwuliza, "Inakutosha?"

Akaniangalia. Alikuwa bado hajaijaribu.